UZI: Nilikula vitunda viwili, mtoto wa gredi ya saba akanila malkia

kitunda_wa_e6 · Jumapili, saa 3:40 usiku

Wasee hamjambo. Nimetoka mashindano ya chesi ya wikendi, ukumbi fulani karibu na Ngong Road. Raundi sita, saa moja kila mtu na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Kufikia raundi ya nne nilikuwa na pointi tatu, roho safi. Raundi ya tano napangiwa kijana wa gredi ya saba. Sare ya shule, sweta ya kijani imetoboka kiwiko, miguu inaning'inia. Ana njugu kwenye kikaratasi, amekikunja juu vizuri akakiweka kando ya saa. Nikajiambia haya, pointi ya nne hiyo.

Nilikuwa na vyeusi. Mtu akinifungulia e4 mimi hujibu e6, ufunguzi unaoitwa Mfaransa, tangu mwaka juzi. Sijui kingine na sijawahi kutafuta kingine. Mchezo huu hapa, nimeunakili kutoka karatasi yangu:

1. e4 e6 2. d4 d5 3. e5 c5 4. c3 Nc6 5. Nf3 Qb6 6. Bd3 cxd4 7. cxd4 Bd7 8. O-O Nxd4 9. Nxd4 Qxd4 10. Nc3 Qxe5 11. Re1 Qd6 12. Nb5 Qb8 13. Qf3 Nf6 14. Bf4 Bd6 15. Nxd6+ Ke7 16. Nf5+ na hapo nikampa mkono.

Hatua 16! Mimi nilikuwa nimekula dakika 41 za saa yangu. Yeye hata kumi hazijafika.

Kilichoniuma ni kwamba mtego wa ufunguzi huu naujua. Hatua ya saba ukikimbilia kula d4 kwa farasi, anakula, malkia wako anakula, halafu askofu wake anaruka b5 na cheki, yaani anampiga mfalme, na nyuma yake malkia wake anamtazama malkia wako. Kwaheri. Huo naujua hata ukiniamsha usiku wa manane. Ndiyo maana nilitoa askofu d7 kwanza, tena nikamwangalia usoni nione kama atasikitika. Hakusikitika. Alifungua kikaratasi, akatoa njugu moja, akakikunja tena, akamficha mfalme.

Nikaona kitunda (ile kete ndogo) cha d4 ni cha bure sasa. Nikala. Akaniachia na cha e5. Nikala pia. Kuanzia hapo nilikuwa natafuta sare, na sare pekee niliyoiona ni ile aliyovaa.

Niambieni ukweli: hiki kitu cha kutoa vitunda ovyo ni ufunguzi halali au alinibahatisha? Na nilipotelea wapi hasa?

---

Farasi254 · Jumapili, saa 3:52 usiku

Maze pole, lakini nimecheka hapo kwa sare.

Hakukubahatisha. Hiyo inaitwa Milner-Barry, iko vitabuni miaka mingi. Ni chambo. Anakupa kitunda cha d4 makusudi, na ukiwa na tamaa anakuongezea cha e5. Anachonunua ni muda. Hebu hesabu mwenyewe hatua ya kumi: yeye ametoa askofu mmoja na farasi mmoja, mfalme amelala salama, ngome iko karibu kuingia kazini. Wewe umetoa askofu mmoja tu na malkia, na huyo malkia anatembea peke yake mjini saa nane za usiku.

Mimi naicheza kila wiki. Wengi hufa kabla ya hatua ya 20.

---

mgeni_hapa · Jumapili, saa 4:05 usiku

Samahanini wakuu, mimi ni mwanafunzi wa YouTube tu. Hizo N na Q ni nini? Na O-O?

---

BintiMvita · Jumapili, saa 4:11 usiku

Karibu. K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda hakina herufi, unaandika tu mraba anaokwenda, na mraba ni herufi ya safu na namba ya mstari. Ukiona x, kuna aliyeliwa. Alama ya + ni cheki. O-O ni pale mfalme anapojisogeza pembeni miraba miwili na ngome inamruka inakaa upande wa pili, ndilo hilo jamaa analiita kumficha mfalme.

Halafu nimshukuru mwenye uzi kwa kuandika "kitunda". Nimeishi South B mwaka wa tisa sasa na kila klabu naingia nasikia "poni, poni". Neno tunalo. Na mchezo wenyewe kwetu ni sataranji, limekuja na Waarabu, "chesi" ni ya juzi. Haya, nimemaliza, msinirushie mawe.

---

Injini_Haidanganyi · Jumapili, saa 4:48 usiku

Nimeupitisha mchezo kwenye programu. Nitasema kwa maneno, namba hazimsaidii mtu.

Hadi 10. Nc3 hujakosea chochote. Umezidi kitunda kimoja na uko sawa kabisa. Swali ni hatua yako ya kumi. Kabla ya kujibu lolote ungejiuliza huyu farasi wa c3 anataka kwenda wapi. Anataka b5. Akifika b5 anamgusa malkia wako na anachungulia c7, kule anakopiga cheki na kula ngome ya a8. Kwa hiyo hatua tulivu ni a6. Kitunda kidogo cha pembeni, kinafunga mlango wa b5, basi. Baada yake unamtoa farasi kupitia e7 hadi c6 na mweupe ndiye anabaki kueleza kitunda chake kilienda wapi.

Kula e5 si kifo, lakini umefungua njia ya e. Re1 inakuja na kumpiga malkia, na tazama e6 sasa: kitunda chako kiko katikati ya ngome yake na mfalme wako. Kimefungwa kamba kama mbuzi. Kinaonekana kinalinda d5 na f5, hakilindi kitu, kwa sababu kikiondoka mfalme yuko wazi. Liwekeni hilo akilini, litarudi mwisho.

Hatua 11, wachezaji wakubwa huenda Qb8 moja kwa moja. Mweupe anakula d5 kwa farasi (mbuzi hawezi kumrudishia!), unatoa askofu d6, na vita vinaendelea. Wewe ulikwenda d6 kwanza, farasi akaja b5 akakupiga, ukarudi b8. Yaani umefika b8 kwa hatua mbili, na farasi wake amefika b5 bila nauli. Afadhali ungemla huyo farasi kwa askofu: askofu wake angekula na cheki, mfalme angeenda d8 na asingejificha tena, lakini una vitunda viwili mkononi na mchezo bado upo.

Sasa hatua iliyonifanya nimvulie kofia huyo mtoto ni 13. Qf3. Mtu yeyote angekimbilia Bf4 ampige malkia b8. Jaribuni: malkia anamla askofu! Kuanzia b8 hadi f4 njia iko wazi na hakuna anayemlinda yule askofu. Kijana akaliona. Akaweka malkia f3 kwanza, anailinda f4, anaitazama f7, anaitazama d5. Ndipo Bf4 ikawa tishio la kweli. Hapo ulitakiwa kumtoa askofu d6 mara moja, farasi wake anamla, malkia wako anamla farasi, Bf4 inakupiga tena, unateseka lakini unapumua.

Ukacheza Nf6. Basi. Bf4, na malkia hana mahali pa kwenda bila Nc7 na cheki. Ukaziba kwa askofu d6, farasi akamla na cheki, ukapanda e7, na Nf5 ikaja na cheki huku askofu wa f4 akibaki uso kwa uso na malkia wako. Na yule farasi yuko f5, mbele ya kitunda chako cha e6, unaweza kumgusa kwa kidole, lakini huwezi kumla. Mbuzi na kamba yake.

---

kitunda_wa_e6 · Jumapili, saa 5:02 usiku

Injini, hiyo ya mwisho ndiyo imenikosesha usingizi. Kwenye ubao nilishika e6 kabisa nimle farasi. Mtoto hakusema neno, alielekeza kidole kwa ngome yake ya e1, polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi.

---

Refa Mstaafu · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Habari za asubuhi. Nimesimamia mashindano ya shule na ya watu wazima hapa Nairobi kwa muda, niruhusuni mambo mawili matatu.

Kwanza jina. Stuart Milner-Barry alikuwa Mwingereza, alizaliwa 1906. Mwaka 1939 alikuwa Buenos Aires kwenye Olimpiadi ya chesi akichezea Uingereza pamoja na Hugh Alexander na Harry Golombek. Vita vya Pili vikalipuka mashindano yakiendelea, Waingereza wakaacha mbao zao wakapanda meli kurudi. Wote watatu wakaishia Bletchley Park, kule walikokuwa wanavunja mawasiliano ya siri ya Wajerumani. Milner-Barry alikuwa kwenye kibanda namba 6, na kuanzia 1943 akawa mkuu wake. Oktoba 1941 yeye, Alexander, Welchman na Alan Turing walimwandikia Churchill barua kulalamika kwamba hawana watu wa kutosha, na aliyetumwa kuipeleka Downing Street kwa mkono ni yeye. Churchill akaamuru wapewe walichotaka, tena kwa haraka.

Kwa hivyo kijana wetu, usijidharau sana. Kitunda ulichokula kiliwekwa pale na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufikiria adui anadhani nini.

Pili. Umesema "nilishika e6". Ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze kama kuna hatua halali. e6 haikuwa na hatua halali kwa sababu ulikuwa kwenye cheki na imefungwa, ndiyo maana hukuadhibiwa. Lakini nina swali, na ujibu kwa ukweli: hatua ya kumi ulikuwa umeshamgusa malkia?

---

kitunda_wa_e6 · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, umejuaje?

Ndiyo. Alipoweka farasi c3 mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kichwa cha malkia. Nilikuwa nimeona e5 haina mlinzi. Nikakaa hivyo karibu dakika mbili, nimemshika, nafikiri. Hiyo a6 ya Injini niliiona nikiwa nimemshika! Lakini ningefanyaje, nilishamgusa.

Nikiwa kwenye matatu asubuhi hii, foleni ya Jogoo Road, nimekuwa nikijiuliza mkono ulifikaje pale kabla ya kichwa.

---

Refa Mstaafu · Jumatatu, saa 1:31 asubuhi

Nimejua kwa sababu mtu anayetumia dakika 41 kwa hatua 16 hakosi a6 kwa haraka. Anaikosa kwa mkono.

---

MzeeWaSteji · Jumatatu, saa 4:10 asubuhi

Vijana shikamooni kwa pamoja, najua ni mimi natakiwa kuamkiwa lakini hamna adabu humu.

Mimi chesi siijui vizuri. Mimi ni wa drafti, steji ya Umoja, vifuniko vya soda, nyeusi zinalala kifudifudi na nyeupe zinalala chali. Huyu kitunda_wa_e6 namfahamu tangu hajaota ndevu, alikuwa anakuja kusimama nyuma yangu ameshika mkate wa kununuliwa dukani, mama yake anamsubiri nyumbani. Mchezo wa kwanza aliojifunza maishani ni drafti.

Drafti kula ni lazima. Kuna cha kuliwa, unakula, hakuna kufikiria. Na pale kwetu usipokula kete yako inaondolewa na watu wanakucheka hadi kondakta anasikia. Kwa hivyo fundi wa drafti anafanyaje? Anakulisha. Anakupa moja, unalazimika, anakupa ya pili, unalazimika, halafu anaruka tatu anaingia kinge. Kulishwa ndiyo drafti yenyewe.

Sasa nimesoma huu uzi wote na kitu nilichoona ni kijana wa drafti aliyekaa kwenye ubao wa chesi. Amewekewa, akala. Amewekewa tena, akala. Mkono umefika kwa malkia kabla ya kichwa kwa sababu mkono huo nimeufundisha mimi. Ni kosa langu kidogo.

Lakini niulize, kwenye chesi mtu hulazimishwi kula?

---

BintiMvita · Jumatatu, saa 4:19 asubuhi

Shikamoo mzee. Hapana, hulazimishwi. Labda iwe ndiyo hatua pekee uliyo nayo.

---

MzeeWaSteji · Jumatatu, saa 4:21 asubuhi

Marahaba binti. Basi alikuwa na njaa tu.

---

Farasi254 · Jumatatu, saa 7:03 mchana

Mzee ametuua wote.

Lakini turudi kwa ufunguzi. Kitunda, ushauri wangu ni huu: achana na Mfaransa. Angalia askofu wako wa miraba myeupe. Umeweka e6 na d5, umemjengea ukuta, anakaa c8 mchezo mzima kama mpangaji asiye na dirisha. Hamia Caro-Kann, c6 badala ya e6, askofu anatoka nje kwanza ndipo unafunga mlango.

---

BintiMvita · Jumatatu, saa 7:40 mchana

Farasi, hapo nakukatalia. Mtu amepoteza mchezo mmoja unamwambia ahame nyumba? Mfaransa amechezwa na Botvinnik, bingwa wa dunia. Korchnoi aliishi nao. Uhlmann wa Ujerumani Mashariki alijibu e4 kwa e6 karibu maisha yake yote na alifika mbali. Hata jina lenyewe lilipatikana kwa ushindi: Paris na London walicheza kwa barua kuanzia 1834, Paris wakajibu e6, na Paris wakashinda michezo yote miwili.

Askofu wa c8 ni kweli ana shida. Lakini unamlipa kwa kuvunja ule mnyororo wa vitunda wa mweupe. c5 mapema, farasi c6, malkia b6, wote wanaelekeza bunduki d4. Hiyo ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya kitunda, na uliifanya vizuri hadi hatua ya tisa. Shida ni kwamba ulikuwa unaifanya bila kujua unaifanyia nini. Ungejua lengo ni d4, ungeridhika ukishaila d4. e5 haikuwa kwenye mkataba.

Na nikuongezee: huyo Caro-Kann wa Farasi ana mtego wa hatua sita. 1. e4 c6 2. d4 d5 3. Nc3 dxe4 4. Nxe4 Nd7 5. Qe2 na ukitoa farasi wa g8 f6 kwa mazoea, 6. Nd6 ni meti. Mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe, na kitunda cha e7 kinachotaka kumla farasi kimefungwa na malkia wa e2. Mbuzi yuleyule, mti mwingine.

---

Farasi254 · Jumatatu, saa 7:44 mchana

Huo nimefia mara mbili. Nanyamaza.

---

Kimya_Tu · Jumatatu, saa 2:30 usiku

Miaka mitatu nasoma jukwaa hili sijawahi kuandika. Mimi nilikuwa ubao wa pili yake siku hiyo. Kuna jambo kitunda hajalisema. Kocha wa huyo mtoto alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake kuanzia hatua ya nane hivi, mikono kifuani.

---

kitunda_wa_e6 · Jumatatu, saa 2:41 usiku

Ni kweli, na sikutaka kulileta. Alisimama, lakini hakusema kitu. Nilimwangalia mara kadhaa, alikuwa anatazama ubao wa jirani zaidi kuliko wetu. Nikianza kudai nilionewa nitakuwa najidanganya. Mtoto alinishinda kwa macho yake.

---

Refa Mstaafu · Jumatatu, saa 3:05 usiku

Umejibu kiungwana. Ila kwa wengine mnaosoma: mtu akisimama mahali pakakukosesha raha, simamisha saa, inua mkono, ita mwamuzi. Ni haki yako. Mwamuzi atamsogeza, hatamuuliza ni nani. Msikae na donge rohoni kisha mlilete humu Jumatatu.

---

Injini_Haidanganyi · Jumatatu, saa 3:30 usiku

Kitunda, reitingi ya mtoto, ile namba ya uwezo wake, ilikuwa ngapi?

---

kitunda_wa_e6 · Jumatatu, saa 3:33 usiku

1490 na kitu. Mimi 1610.

---

Injini_Haidanganyi · Jumatatu, saa 3:46 usiku

Na hapo ndipo ulipojiandikia pointi ya nne kabla ya kukaa. Hizo namba zisikuleweshe. Machi 2024 FIDE, shirikisho la chesi la dunia, waliinua sakafu ya reitingi hadi 1400 na kuwapandisha wote waliokuwa chini ya 2000, kila mtu kwa asilimia 40 ya pengo lake hadi 2000. Aliyelala na 1200 aliamka na 1520, na wala hakuwa amejifunza hatua moja mpya usiku huo. Na mtoto anayecheza kila siku baada ya shule anakimbia kuliko namba yake. Hiyo 1490 ni ya alipokuwa muhula uliopita.

Kazi ya nyumbani: cheza nafasi ya hatua ya kumi dhidi ya programu mara ishirini, kila mara ukianza na a6. Na angalia 9. Nbd2 pia, siku hizi mweupe wengi hawali farasi wa d4, wanamtoa mwingine na kuacha mvutano. Usije ukakutwa na hilo ukaanza kulia upya.

---

kitunda_wa_e6 · wiki nne baadaye, Jumapili, saa 2:55 usiku

Wasee nimerudi, na lazima mjue.

Nilifanya kazi ya nyumbani. Si mara ishirini, nadhani zilifika hamsini. a6, Ne7, Nc6, naweza kuzicheza nikiosha vyombo. Mzee naye alinipa dawa yake: Jumamosi tatu mfululizo steji ya Umoja, tunacheza chesi kwa ubao wa drafti, kete za kuazima, na kila nikitaka kula lazima kwanza nikalie mkono wa kulia nihesabu hadi kumi. Makondakta wamenicheka hadi wamechoka. Mara ya tatu mmoja wao akaanza kunihesabia kwa sauti.

Leo mashindano mengine, ukumbi mwingine, raundi ya tatu. Naangalia karatasi ya upangaji ukutani: yule mtoto. Mimi vyeusi tena. Sikuamini. Nikaenda chooni nikanawa uso.

Tunakaa. Sweta ileile, kiwiko kimeshonwa uzi mweusi. Njugu zipo. Anacheza e4. Nacheza e6. d4, d5. Moyo unadunda, nimekalia mkono kabisa, nasubiri e5, nina a6 mfukoni tangu Januari.

Akala. 3. exd5.

Nimekaa pale dakika nne nzima natazama ubao. exd5, nikarudisha, ukuta umebomoka, askofu wangu wa c8 ana dirisha, ubao umekuwa pande mbili zinazofanana kama kioo. Hakuna chambo, hakuna mbuzi, hakuna kamba. Tukabadilishana ngome, tukabadilishana malkia, hatua ya 34 akanipa sare, nikaipokea. Safari hii ya kweli.

Tukiwa tunapanga kete kwa raundi inayofuata nikamuuliza, mbona hukusukuma e5 kama ile siku? Akakunjua kikaratasi, akanimiminia njugu kiganjani, akasema, "Kocha alisema utakuwa umeisoma."

---

MzeeWaSteji · Jumapili, saa 3:10 usiku

Huyo mtoto anacheza drafti? Mlete Jumamosi.